Saini Kwanza, Hesabu Baadaye

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, hapa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Congo. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, daraja la mto Lhubiriha halipumui. Akina mama wa Kasindi, upande wa Congo, wanavuka na madumu ya mawese na vitenge kichwani, wa kwetu wanavuka na unga, sabuni, samaki wa chumvi, na katikati yao tuko sisi na makaratasi yetu. Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja. Chao kimechanganyika na Kifaransa, chetu kina Lukonzo na Kiingereza cha kuokoteza, ila mtu akitaja bei hakuna asiyeelewa.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sheria moja. "Kijana, kalamu ibaki mfukoni mpaka turubai lifunguliwe." Karatasi ikisema magunia 400, wewe panda juu ya lori uyahesabu. Pengine yako 370. Ukishasaini, hayo 30 ni yako, utayalipa wewe, na dereva atakuwa ameshafika Beni, ndani ya Congo, anakunywa bia.

Nimeishika sheria hiyo miaka ishirini na ushee. Nimeivunja mara moja tu, na haikuwa forodhani.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2016, kwenye uchaguzi wa madiwani uliokuja baada ya ule wa rais. Mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi, mama mstaafu, aligombea kiti, akaniomba niwe wakala wake kwenye kituo kimoja. Kituo chenyewe kilikuwa chini ya mwembe: meza mbili za kuazima, sanduku la kura, kichupa cha wino, na lile beseni la plastiki ambalo kila Mganda analijua, unaloinamia kupiga alama yako ili jirani asione. Saa kumi jioni tukafunga, tukaanza kuhesabu hadharani. Msimamizi anainua karatasi, anaizungusha watu waione, anataja jina, nami nachora kijiti kwenye daftari langu.

Mvua ikatukuta katikati. Tukakimbiza meza barazani kwenye duka lililo karibu, umeme hakuna, tukawa tunamulika kwa tochi ya simu ya mtu mmoja ambayo betri yake ilikuwa inakata roho. Msimamizi akatoa fomu za matokeo, zile tunazoziita DR, akasema: mawakala, saini sasa wakati bado tunaonana, tarakimu nitajaza tukimaliza. Alikuwa kijana mpole. Siku nzima hakuwa ameweka kitu tumboni, na wala sisi. Nafasi za namba zilikuwa wazi kabisa. Nikasaini. Wakala wa pili akasaini, wa tatu akasaini.

Kesho yake Mwalimu akaniita kwake. Alikuwa ameshindwa. Hakuwa na hasira, alikuwa na maswali, kama zamani darasani.

"Ulisaini, mwanangu?"

"Nilisaini, Mwalimu."

"Iliandikwa ngapi?"

Nikatoa daftari langu la vijiti. Akalirudisha bila kulifungua. "Sikukuuliza ulihesabu ngapi. Nimekuuliza uliposaini palikuwa pameandikwa ngapi."

Siwezi kusema tuliibiwa. Pengine namba zilijazwa sawasawa, kijiti kwa kijiti. Kinachoniuma ni kwamba siwezi kusema hatukuibiwa vilevile, na aliyejinyima neno hilo ni mimi kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia habari za bajeti ya jeshi kwenye redio naiona ile baraza. Maana Uganda, pesa ya vita husainiwa hivyo hivyo.

Chukua ndege za Sukhoi. Mwaka 2011 nchi ilinunua ndege sita za kivita kutoka Urusi, Su-30, pamoja na vifaa vyake, kwa dola milioni 740 hivi. Kwa shilingi zetu za wakati ule ni kama trilioni 1.7. Pesa ilitoka Benki Kuu kwanza. Bunge likaletewa baadaye kuidhinisha kilichokwisha kutoka. Yaani lori limevuka, limefika Beni, na wakala anapewa karatasi aseme alihesabu. Wabunge walipiga kelele kidogo, kisha wakasaini. Uchaguzi mkuu ulikuwa umepita Februari mwaka huo huo. Kufika Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 30, na sukari ikawa kitu cha kununua kwa kujuana na mwenye duka. Sisemi ndege ndizo zilizopandisha sukari, kulikuwa na ukame na mafuta ghali na mengine mengi. Ila nakumbuka mama yangu akinywa chai kavu na kuuliza ndege hizo zinatua wapi, kwa sababu yeye alitaka tu kwenda kuzitazama.

Kabla ya hizo kulikuwa na helikopta. Miaka ya mwisho ya 90 serikali ilinunua helikopta za Mi-24 zilizotumika, kutoka Belarus, kwa ajili ya vita vya kaskazini dhidi ya waasi wa Joseph Kony. Zilipofika zikaonekana hazifai kuruka. Hili kwangu ni suala la kikazi kabisa: nani alizikagua kabla ya kulipa? Ikaundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde, na mbele ya tume hiyo Salim Saleh, mdogo wake rais, akakiri habari ya kamisheni ya dola 800,000. Ripoti ikaandikwa, nchi ikaendelea na safari. Halafu wakaja wanajeshi hewa, majina kwenye orodha ya mshahara ambayo hayana mtu wala bunduki. Meja Jenerali James Kazini, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi, alihukumiwa kwa kesi ya namna hiyo mwaka 2008. Watu wa huko Acholi, kaskazini kwenye vita vile, walikuwa kwenye kambi za wakimbizi wakisubiri kulindwa na majina.

Nina jirani aliyetumikia Somalia. Uganda ndiyo iliyotangulia kupeleka jeshi Mogadishu, Machi 2007, na yeye alikuwa kwenye mojawapo ya mafungu yaliyofuata. Jioni tunakaa kwake, tunamwita Afande hata sasa alipo mstaafu na mbuzi zake. Nilipomweleza habari za karatasi tupu alicheka.

"Wewe unataka adui asome bajeti yetu?"

Ana hoja, na mimi naishi mahali ambapo hoja hiyo ina makaburi. Waasi wa ADF waliivamia Mpondwe hii mara ya kwanza Novemba 1996. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo tu, umbali wa kutembea kutoka mpakani, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Asubuhi yake hakuna lori lililofunguliwa. Kwa hiyo mtu akiniambia jeshi lisipewe pesa, simsikilizi. Nataka lipewe. Nataka pia nijue ilikwenda wapi, kwa sababu usiku ule watoto wale walistahili thamani ya kila shilingi iliyowahi kupitishwa kwa jina la ulinzi.

Nikamjibu Afande kwamba adui huwa wa kwanza kujua. Habari za Sukhoi zilikuwa kwenye vyombo vya habari vya Urusi tangu 2010. Mrusi anajua, Mmarekani anajua, jirani zetu wote wanajua. Asiyejua ni anayelipa. Siri ya kikosi kinalala wapi, sawa, hiyo ni siri. Bei si siri ya vita, bei ni ankara. Afande akanyamaza, akawaita mbuzi zake. Nadhani hakukubali.

Hapa mpakani tunaona jambo ambalo wa Kampala hawalioni vizuri: Congo tunailipia mara tatu.

Ya kwanza ni fidia. Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliamua Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa yale jeshi letu lililofanya huko kati ya 1998 na 2003: watu waliouawa, mali zilizoharibiwa, dhahabu na mbao zilizobebwa. Ilikuwa ilipwe kwa mafungu matano, milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022, na la kwanza lililipwa. Tafakari kidogo. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita vya siku sita vya Kisangani, pale sisi na Rwanda tulipopigana ndani ya mji wa watu, alikuwa na miaka 22 ankara ilipoanza kulipwa. Kodi yake inalipia vita alivyovikuta vimeshapiganwa.

Ya pili ni vita vipya. Mwezi Novemba 2021, wiki mbili baada ya mabomu ya Kampala, jeshi liliingia Congo kuwasaka ADF, wakaiita Operesheni Shujaa. Wabunge kadhaa walilalamika kwamba hawakuulizwa. Ndivyo ilivyokuwa hata Sudan Kusini: wanajeshi walikwenda Desemba 2013, Bunge likaidhinisha Januari. Wakaenda tena Juba Machi 2025, Bunge likaidhinisha wakiwa wameshafika. Saini kwanza.

Ya tatu ni barabara. Serikali yetu iliahidi kuchangia ujenzi wa kilomita 223 ndani ya Congo, zikiwemo 80 za kutoka Kasindi hadi Beni. Hii sitaisema vibaya, inanilisha. Lakini siku moja nilisimama darajani nikatazama foleni: lori la saruji la barabara, nyuma yake gari la jeshi limefunikwa turubai, nyuma yake mama wa Kasindi na dumu lake la mawese akisubiri kukaguliwa. Katika wote watatu, aliyefunguliwa mzigo ni yule mama.

Sasa kura.

Wengi wakiandika habari za marekebisho ya uchaguzi Uganda huanza na Tume ya Uchaguzi: makamishna wanateuliwa na rais, Bunge linathibitisha, basi Tume si huru. Ni kweli, na imesemwa mpaka imechakaa. Mimi naanza na sisi wa Kasese, wilaya yetu hii, kwa sababu historia hii ina mlango wake hapa.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulikuwa chini ya Tume ya Kijeshi. Paulo Muwanga, aliyekuwa mwenyekiti wake, alijipa mamlaka ya kutangaza matokeo yeye peke yake. Hiyo ni DR tupu ya nchi nzima. Chama kipya cha Yoweri Museveni, UPM, kilipata kiti kimoja tu, na mwenyewe Museveni alishindwa kwake Nyabushozi na Sam Kutesa, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wake wa mambo ya nje. Kile kiti kimoja kilitoka huku kwetu: Dakta Crispus Kiyonga. Miezi miwili baadaye, Februari 1981, Museveni alivamia kambi ya Kabamba, vita vya msituni vikaanza, na sababu iliyotajwa ilikuwa kura iliyoibwa. Kwa hiyo serikali tuliyo nayo tangu 1986 ni mtoto wa malalamiko ya uchaguzi. Hilo hufundishwa hata kwenye mchaka mchaka, pale raia wanapopelekwa kujifunza siasa na bunduki kwa Kiswahili kibovu. Wakifika kwenye namna kura zinavyohesabiwa leo, somo huishia hapo.

Kiyonga alikuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia 2006 hadi 2016. Ndege za Sukhoi zilinunuliwa yeye akiwa kitini. Na Februari 2016, wapiga kura wa Bukonzo Magharibi, watu wa soko hili hili, walimwangusha ubunge. Nalitaja kwa sababu kuna wanaosema kura Uganda haina kazi hata kidogo. Ina kazi. Ilimwondoa waziri. Wizara haikuiondoa, wala tabia yake, na Novemba mwaka huo huo askari walipoivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, zaidi ya watu 100 walikufa. Siku zile hatukufanya biashara. Tulitafutana.

Mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ilipoitupa kesi ya Amama Mbabazi, mgombea aliyepinga matokeo ya urais, ilitoa mapendekezo kumi ya kurekebisha sheria za uchaguzi na kumtaka Mwanasheria Mkuu ahakikishe yanafanyika ndani ya miaka miwili: muda zaidi wa kusikiliza kesi, vyombo vya habari vya serikali kugawanywa sawa, wagombea kutogawa pesa wakati wa kampeni. Unajua kilichofuata. Mwaka 2017 ukaletwa muswada wa mbunge Raphael Magyezi. Ndani yake muda wa kusikiliza kesi ya urais uliongezwa kweli, kutoka siku 30 hadi 45. Na ndani yake humo humo ukomo wa umri wa rais, miaka 75, ukafutwa. Kwetu tunaita kuficha magendo chini ya mahindi. Mkaguzi akichoma mkuki juu juu anatoa mahindi matupu.

Wapinzani walipokataa kukaa kimya, Septemba 27, watu wa usalama waliingia ndani ya ukumbi wa Bunge na kuwatoa wabunge kwa mabavu. Mwezi uliofuata kila mbunge akawekewa shilingi milioni 29, za kwenda kuwauliza wananchi maoni yao. Mimi ni mwananchi, sikuulizwa. Desemba wakapiga kura, 317 kwa 97.

Ukiniuliza mimi pa kuanzia marekebisho, nitakuambia viti kumi. Jeshi lina wabunge wake kumi, na huchaguliwa na jeshi lenyewe. Watu wanavichukulia kama mapambo, wazee waliovaa magwanda wakisinzia nyuma. Lakini ndio wanaokaa ndani wakati pesa ya jeshi inapitishwa, na hawawezi kusema lolote ambalo Amiri Jeshi Mkuu hapendi. Hili si dhana. Mwaka 2005, Brigedia Henry Tumukunde, mbunge wa jeshi, alisema redioni kwamba hakubaliani na kuondoa ukomo wa mihula ya rais. Akalazimishwa kujiuzulu kiti, akakamatwa. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ilisema kujiuzulu kule hakukuwa halali. Mihula ilikuwa imeshaondolewa. Sasa mtu ambaye hana ruhusa ya kusema hapana, kura yake ni ya nini? Hiyo nayo ni saini iliyowekwa kabla.

Nikimaliza na viti, ningekuja kwenye jambo dogo ambalo halina mvuto wa mikutano ya hadhara: karatasi. Fomu ya kila kituo ibandikwe ukutani, ipigwe picha, iwekwe mahali ambapo mwalimu mstaafu anaweza kuiona bila kwenda mahakamani. Wasomi wanapenda kuzungumzia mashine. Januari 15, 2026 tulipiga kura na mashine za alama za vidole, zikagoma sehemu nyingi za nchi, Tume ikaruhusu daftari la karatasi. Nilivyoona mimi, daftari halikuwa tatizo. Mashine inamtambua mpiga kura. Haiwezi kumtambua anayejaza fomu.

Siku hiyo nilikuwa wakala tena, baada ya miaka kumi. Ya mgombea gani haina kazi hapa. Tulimaliza kuhesabu giza limeshaingia, na safari hii nilikuja na taa yangu ya sola. Msimamizi, binti mdogo tu, akaleta fomu. Nikaweka kalamu mfukoni.

"Mzee, unatuchelewesha."

"Jaza kwanza, binti yangu. Nitakumulikia."

Wenzangu waliguna. Mmoja alikuwa na pikipiki inamsubiri. Alijaza taratibu, tarakimu na maneno, akakosea mstari mmoja, akaukata na sote tukaweka herufi zetu pembeni. Nikalinganisha na daftari la vijiti. Zililingana. Nikasaini, nikapewa nakala yangu, nikaipiga picha pale pale juu ya meza, chini ya taa.

Kuituma ndiyo ilikuwa kazi. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima tangu tarehe 13. Lakini mpakani hatukosi njia. Mama mmoja wa Kasindi, mteja wangu wa vitenge, alinikopesha laini yake ya Congo, maana ukisimama karibu na daraja mtandao wao unafika. Nchi tunayoilipa fidia ikanikopesha megabaiti. Nikamtumia picha Mwalimu, yeye peke yake, bila maneno.

Ikabaki na tiki moja. Yake ilikuwa laini ya Uganda.

Tarehe 17 Tume ilitangaza: Museveni asilimia 71.65, mpinzani wake Robert Kyagulanyi 24.72. Tiki bado ilikuwa moja. Zikapita siku nyingine, mitandao ikaanza kurudi kidogo kidogo, na asubuhi moja nikiwa juu ya lori nahesabu magunia ya mchele, simu ikatikisika. Tiki mbili, kisha jibu.

"Imejazwa vizuri," Mwalimu alikuwa ameandika. "Na ile nyingine?"